Mapatano Bila Hukumu: Serikali na Mauaji ya Kikabila katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Mapatano ya kusitisha mapigano huwafunga mikono wanajeshi, lakini jirani anayemwinda jirani yake hayamgusi. Wakuu hutia saini, waandishi wa habari huondoka, mizinga hunyamaza, na ndipo usiku mtu hugongewa mlango akaulizwa babu yake alizaliwa wapi. Kolwezi na ukanda wa shaba wa Lualaba, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vimepitia hali hiyo mara nyingi. Tangu mwaka 1960 nchi hii imeshuhudia mapatano ya Ndola, Kitona, Lusaka na Pretoria. Kila mara waliotawala, wawe Wabelgiji, watu wa Katanga iliyojitenga, Umoja wa Mataifa, Zaire au Kongo ya leo, walikabiliwa na swali moja: watu wanaouawa kwa sababu ya asili yao walindwe vipi? Jibu walilolitoa katika nyakati zote hizo lilifanana kuliko walivyofanana wao wenyewe, na hali ya sasa ya Lualaba ni matokeo ya jibu hilo.

Kabla ya makampuni kuja, nchi iliyo kati ya mto Lualaba na mto Lufira haikuwa na amani ya daima. Magharibi walitawala Walunda chini ya Mwant Yav, aliyekaa Musumba. Kaskazini kulikuwa na falme za Waluba. Wasanga waliishi juu ya miamba yenye madini na kuyeyusha shaba iliyosubiwa kuwa misalaba, na misalaba hiyo ikapita mkono kwa mkono kama fedha. Katika karne ya 19 Wachokwe walisogea kutoka upande wa Angola, naye Msiri, aliyetoka Unyamwezi katika Tanzania ya leo, akajenga makao yake Bunkeya na kuwatawala wengi kwa bunduki na biashara ya pembe na watumwa. Damu ilimwagika. Hata hivyo mgeni aliyetoa heshima kwa chifu, akaoa na kulima, aliweza kuhesabiwa mwenyeji katika maisha yake mwenyewe. Msiri aliuawa Desemba 20, 1891 na msafara wa Kapteni Stairs uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Tangu hapo, kusema nani ni mwenyeji na nani ni mgeni kukawa kazi ya ofisi.

Enzi ya kampuni ilianza rasmi Oktoba 28, 1906, ilipoundwa Union Minière du Haut-Katanga. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikamiminwa. Madini yalikuwa mengi, watu walikuwa wachache. Mwanzoni kampuni ilitegemea wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1920, ilibadili mwenendo: mfanyakazi alipewa mkataba wa miaka 3, akaruhusiwa kuja na mkewe, akapewa nyumba, posho na zahanati ndani ya kambi ya kampuni. Mwaka 1928 reli iliunganisha Katanga na Port-Francqui, Ilebo ya leo, ikipita katikati ya Kasai. Kwa njia hiyo Waluba wa Kasai walishuka kwa maelfu. Wengi wao walikuwa wamesoma katika shule za misheni, wakawa makarani, mafundi na watu wa reli. Kolwezi ulipoanzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya machimbo ya magharibi, ulikuwa tangu siku ya kwanza mji wa watu waliotoka kwingine. Kampuni na serikali ziliandika kabila la kila mtu katika karatasi zake, zikachagua wa kuajiri kwa sifa walizozibandika makabila. Mgomo wa Desemba 1941, ambapo askari waliwamiminia risasi wafanyakazi huko Elisabethville, ulionyesha kwamba watu wa asili mbalimbali waliweza kudai haki pamoja. Watawala hawakupenda walichokiona.

Kura ndiyo iliyozigeuza karatasi zile kuwa silaha. Katika uchaguzi wa manispaa wa Desemba 1957, wa kwanza kwa Waafrika katika miji mikubwa, viti vya umeya wa mitaa ya Elisabethville viliangukia zaidi mikononi mwa watu waliotoka nje ya Katanga. Viongozi waliojiita Wakatanga halisi walishtuka. Oktoba 1958 waliunda chama cha Conakat, kikaongozwa kwanza na Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri, kisha na Moïse Tshombe, mfanyabiashara wa ukoo wa kifalme wa Walunda. Malalamiko yao yalikuwa na msingi: katika mji uliojengwa juu ya ardhi ya mababu zao, vyeo vya ofisini na nyumba bora vilishikwa na wengine. Lakini dawa waliyoitaja haikuhusu ajira wala shule. Ilihusu kuondoka kwa mgeni. Waluba wa Katanga, waliokuwa chini ya Jason Sendwe na chama chake cha Balubakat, walikaa kidogo katika muungano huo, kisha wakajitoa na kusimama upande mmoja na Wakasai.

Wakati huohuo, kaskazini-magharibi, Wabelgiji walikuwa wakijaribu kuzima moto wa kwanza. Oktoba 1959 Walulua na Waluba walianza kuuana Luluabourg, Kananga ya leo. Januari 1960 serikali ya kikoloni iliwakutanisha viongozi wa pande mbili kwenye ziwa Munkamba, wakatia saini mapatano. Kiini chake kilikuwa kwamba Waluba waliokuwa wakilima ardhi ya Walulua warudi kwenye asili yao kusini. Serikali iliyokuwa na jeshi, polisi na mahakama ilichagua kumhamisha anayeshambuliwa. Maelfu kwa maelfu walihama kuelekea Bakwanga, Mbuji-Mayi ya leo, katika nchi isiyo na chakula cha kuwatosha. Mapatano hayakudumu, lakini mfano ulikwisha kuwekwa.

Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960. Julai 11 Tshombe alitangaza kuwa Katanga imejitenga. Kodi ya Union Minière, iliyotoka katika machimbo ya Kolwezi, Elisabethville na Jadotville, Likasi ya leo, ilimlipia jeshi la jandarmeri lililoongozwa na maofisa wa Kibelgiji na baadaye mamluki. Kaskazini ya Katanga, Waluba wa Balubakat walikataa utawala wake. Vijana wao walivamia vituo vya reli na vya serikali kwa mishale na mapanga, nao askari wa jandarmeri wakajibu kwa kuchoma vijiji. Oktoba 1960 Umoja wa Mataifa, ambao vikosi vyake viliingia Katanga mwezi Agosti, ulikubaliana na Tshombe kutenga maeneo yasiyo na vita kaskazini: jandarmeri isiingie humo, na ulinzi wa raia uwe wa kofia za buluu. Kwenye karatasi lilikuwa wazo jema. Lakini askari wachache waliotakiwa kulinda eneo pana lenye njia mbovu walionekana na wanavijiji kuwa Wazungu wenye bunduki kama wale waliowachomea nyumba. Novemba 8, 1960, doria ya Waairishi ilishambuliwa karibu na Niemba, na askari 9 wakapoteza maisha. Mwanzoni mwa 1961 jandarmeri ililidharau eneo hilo waziwazi, ikasonga mbele na kuutwaa Manono mwezi Machi. Eneo lililotengwa liliwazuia raia kujilinda, likashindwa kumzuia aliyekuja kuwaua.

Mfano mkubwa zaidi wa enzi hiyo ulikuwa kambi ya Elisabethville. Mwishoni mwa Agosti 1961, vyombo vya usalama vya Munongo, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, vilianza kuwakamata na kuwatisha Waluba mjini. Familia ziliondoka mitaani na kukimbilia karibu na vituo vya Umoja wa Mataifa. Zilibeba magodoro, sufuria na mashine za kushonea, zikajenga vibanda kwa matawi, magunia na vipande vya mabati. Kufikia wiki ya pili ya Septemba watu walikuwa wamepita 35,000, nao waliendelea kuingia. Umoja wa Mataifa, uliokuja kutunza amani, ukajikuta ukigawa unga, ukichimba vyoo na kulinda uzio. Septemba 13 mapigano yalizuka kati yake na jandarmeri. Usiku wa Septemba 17, Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola akienda kuzungumza na Tshombe. Mapatano ya muda yalitiwa saini Ndola Septemba 20, yakathibitishwa kwa itifaki ya Oktoba 13.

Miezi miwili iliyofuata inamfundisha msomaji mengi kuhusu mapatano. Majeshi mawili yalitazamana bila kupigana sana, huku raia wakiuawa nje ya kambi na ndani yake. Mkasai aliyerudi mtaani kuchukua vitu vyake hakuwa na hakika ya kurejea. Ndani ya uzio, makundi ya vijana yalijifanya polisi na mahakama, yakawatesa walioshukiwa kuwa wapelelezi, na usiku yakatoka kupora nyumba za jirani. Itifaki ya Oktoba ilizungumzia mateka na mipaka ya vikosi. Nani angewakamata wauaji wa raia, nani angewahukumu, haikuwa kazi ya waliotia saini. Serikali ya Tshombe, iliyopaswa kuwarudisha wakimbizi kwa usalama, ndiyo iliyowakimbiza. Mapigano yakaanza tena Desemba 5, yakakoma kwa makubaliano ya Kitona ya Desemba 21. Suluhisho la kambi lilikuja mwaka 1962: Umoja wa Mataifa uliwasafirisha takriban watu 70,000, wengi wao kwenda Kasai Kusini na wengine Katanga Kaskazini. Maisha mengi yaliokolewa kwa hatua hiyo. Vilevile, mji ulisafishwa kama wachochezi walivyotaka, kwa gharama ya jumuiya ya kimataifa.

Utengano wa Katanga ulikufa Kolwezi. Vikosi vya Umoja wa Mataifa viliposonga mbele kuanzia Desemba 28, 1962, Tshombe na mamluki wake walirudi nyuma hadi mji huo, wakatisha kulipua mabwawa ya umeme na mitambo ya machimbo. Januari 14, 1963 alitangaza kwamba utengano umekwisha, na Januari 21 kofia za buluu ziliingia Kolwezi bila mapigano. Serikali ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, ikaikata Katanga vipande vitatu, na hapo likazaliwa kwa mara ya kwanza jimbo lililotambuliwa rasmi kwa jina la Lualaba. Jimbo hilo liliishi miaka 3 tu. Mobutu, aliyetwaa madaraka Novemba 24, 1965, aliyaunganisha tena majimbo na kuwapeleka watawala kufanya kazi mbali na makwao. Juni 7, 1966 ilitolewa sheria ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Ndani yake dola ilisema kwamba kuchochea chuki ya kabila ni kosa la jinai linalomhusu mtu mmoja mmoja. Wasomaji waiweke akilini sheria hiyo, kwa kuwa ilikuwa hai katika kila jambo lililofuata.

Ukimya wa miaka iliyofuata ulitokana na woga. Union Minière ilitaifishwa, na shirika lililokuja kuitwa Gécamines likashika hatamu, Katanga ikapewa jina la Shaba, na Wakasai wakarudi kwa wingi katika ofisi na karakana. Waliokuwa jandarmeri wa Tshombe walikuwa Angola. Machi 8, 1977 walivuka mpaka kwa jina la FNLC, wakafika hadi Mutshatsha, njiani kuelekea Kolwezi, kabla ya kurudishwa na jeshi la Zaire, jina la Kongo wakati huo, likisaidiwa na Wamoroko. Jeshi la serikali liliporudi liliwatendea Walunda kama maadui wote, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Angola. Mei 13, 1978 FNLC waliingia Kolwezi penyewe. Katika siku chache waliuawa Wazungu zaidi ya 100 na Waafrika kwa mamia, hadi askari wa miavuli wa Ufaransa waliposhuka Mei 19, wakifuatiwa na Wabelgiji. Baada yao kilikuja kikosi cha nchi za Kiafrika, chenye askari wa Moroko, Senegal, Togo, Gabon na wengine, kikakaa hadi 1979. Mobutu alitangaza msamaha kwa wakimbizi. Kikosi kile kililinda mitambo na wataalamu, na uzalishaji ukarudi. Mlunda wa kawaida aliyeshukiwa na kila askari kizuizini hakuwa na pa kushtaki.

Kilichofungua jeraha upya kilikuwa njaa na siasa kwa pamoja. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 460,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto, uliopo Kolwezi, iliporomoka, na kufikia 1993 uzalishaji wote ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ilipotea, na kila kazi iliyobaki ikawa na watu wengi wa kuigombania. Aprili 24, 1990 Mobutu alikuwa amekomesha chama kimoja. Nguz Karl-i-Bond, Mlunda na mpwa wa Tshombe, aliongoza chama cha UFERI. Alipokuwa waziri mkuu mwishoni mwa 1991, mwenzake Gabriel Kyungu wa Kumwanza akawa gavana wa Shaba. Historia ilijigeuza hapa kwa ukali. Kyungu, Mluba wa Katanga, alikuwa mmoja wa wabunge 13 waliomwandikia Mobutu barua ya wazi mwaka 1980, bega kwa bega na Étienne Tshisekedi wa Kasai. Sasa kwenye mikutano ya hadhara aliwaita Wakasai “bilulu”, yaani wadudu, na vijana wa chama, waliojulikana kama JUFERI, walimsikiliza. Agosti 15, 1992 Kongamano Kuu la Taifa, lililokuwa likitafuta njia ya amani ya kumwondoa Mobutu, lilimchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu. Mashambulizi yalianza Lubumbashi mwezi huohuo, yakahamia Likasi miezi iliyofuata, na Machi 1993 yakafika Kolwezi.

Stesheni ya Kolwezi ya mwaka 1993 ni mahali ambapo historia hii yote ilikusanyika. Walikuwapo wafanyakazi wa Gécamines waliofukuzwa kazini kwa asili yao, walimu, wauguzi, wauzaji sokoni, na watoto waliozaliwa Kolwezi ambao Kasai waliijua kwa hadithi tu. Nyumba zao za kambini zilikuwa zimekwisha kukaliwa na wengine. Walilala kwenye majukwaa ya reli na katika majengo ya shule kwa majuma kadhaa, wakisubiri mabehewa ya shirika la reli ambayo hayakuwa na ratiba, huku surua na utapiamlo vikiwapunguza watoto. Treni ilipokuja, ilijazwa hadi juu ya paa. Ilipita Tenke, Bukama, Kamina, ikaelekea Mwene-Ditu, njia ileile iliyowaleta babu zao miaka ya 1920, na njiani watu walikufa wakazikwa kando ya reli. Katika jimbo zima waliofukuzwa walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Jeshi lilikuwapo. Gavana alikuwapo. Sheria ya 1966 ilikuwapo. Serikali ya jimbo ilipanga safari za kuondoka na kuziita utaratibu wa usalama. Kinshasa ilikuwa na mawaziri wakuu wawili waliogombania kiti kimoja, na Mobutu alifaidika na mpinzani wake kupoteza watu. Mashirika ya misaada yalileta dawa na unga, nayo yakajikuta katika mtego wa mwaka 1962: ukimsaidia mtu kuondoka unamwokoa, na pia unamaliza kazi ya aliyemfukuza.

Hatua ya serikali ilikuja kwa kuchelewa. Kengo wa Dondo alipokuwa waziri mkuu Julai 1994, alitaka kurudisha mkono wa Kinshasa Shaba, na mwaka 1995 Kyungu aliondolewa katika ugavana. Baada ya hapo mashambulizi makubwa yalipungua, ushahidi kwamba ufunguo wa mauaji ulikuwa katika ofisi za juu zaidi kuliko mitaani. Lakini kuondolewa huko hakukuwa hukumu. Kyungu alirudi katika siasa, akawa Spika wa Bunge la Jimbo la Katanga baada ya uchaguzi wa 2006, na akafariki Agosti 2021 akiwa mwanasiasa anayeheshimiwa na wengi. Aprili 1997 Laurent-Désiré Kabila, Mluba wa Katanga, aliutwaa Lubumbashi na kuelekea Kinshasa, na swali la Wakasai likafunikwa na vita vipya.

Vita hivyo vilileta mapatano mengine. Makubaliano ya Lusaka ya Julai 10, 1999 yalisimamisha majeshi ya nchi kadhaa, na mstari wa mbele ukapita kaskazini ya Katanga. Kolwezi ilibaki upande wa serikali, lakini wanamgambo wa Mai-Mai, ambao serikali yenyewe iliwapa silaha dhidi ya Rwanda na washirika wake, waliendelea kuua raia hata baada ya mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002 na serikali ya mpito ya 2003. Eneo kati ya Manono, Mitwaba na Pweto liliitwa pembetatu ya mauti. Hapa kuna jaribio ambalo halikufanana na mengine: kiongozi wa wanamgambo, Gédéon Kyungu Mutanga, alijisalimisha Mei 2006, akashtakiwa katika mahakama ya kijeshi, na Machi 2009 akahukumiwa kifo kwa makosa yakiwemo ya uhalifu dhidi ya ubinadamu. Septemba 2011 alitoroka gerezani Lubumbashi, akajisalimisha tena Oktoba 2016 na kupokewa kwa shangwe. Tume ya ukweli na upatanisho ya kipindi cha mpito ilimaliza muda wake bila kufungua makaburi ya 1993. Ni Umoja wa Mataifa uliofanya hivyo kwa maandishi: ripoti yake ya Oktoba 1, 2010, yenye matukio 617 tangu Machi 1993 hadi Juni 2003, ilianza na miezi ileile ambayo Wakasai walifukuzwa Shaba. Ripoti haikuzaa mahakama.

Katiba ya Februari 18, 2006 iliagiza majimbo 26, na mwaka 2015 Katanga ikakatwa tena, safari hii vipande vinne. Lualaba ikarudi, Kolwezi ukiwa makao makuu, Richard Muyej akawa gavana wake wa kwanza wa kuchaguliwa na baada yake Fifi Masuka. Mawe yaliyoonekana takataka miaka ya 1990 yamekuwa mali: Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, nyingi ikitoka katika mashimo yanayouzunguka mji huu. Kobalti imewaita watu kama shaba ilivyowaita miaka ya 1920. Wengine walikimbia vita vya Kamwina Nsapu vilivyoiteketeza Kasai mwaka 2016 na 2017. Wengine walikuja baada ya Januari 2019, Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, alipokuwa rais, wakiwa juu ya treni za mizigo kama 1993, ila zikienda upande wa pili. Maneno ya zamani yakasikika tena, mgeni na mwenyeji. Mei 2022 Askofu Mkuu Fulgence Muteba aliwaita viongozi wa majimbo manne Lubumbashi katika kongamano la umoja na upatanisho wa Wakatanga. Novemba 2023, huko Malemba-Nkulu katika jimbo jirani la Haut-Lomami, watu wa asili ya Kasai waliuawa baada ya kifo cha mwendesha pikipiki, na picha za mauaji hayo zikazunguka nchi nzima kwa simu. Wakati wa Munongo tetesi zilitembea na treni. Sasa hufika Kolwezi kabla polisi hawajafika kwenye maiti.

Tukiyaweka majaribio haya yote pamoja, yanajirudia kwa namna ya kutisha. Ziwa Munkamba, eneo lisilo na vita la 1960, kambi ya Elisabethville, kukatwa kwa jimbo mwaka 1963, treni za 1993, kukatwa tena mwaka 2015: kila enzi ililinda amani kwa kuwatenga watu, na kila utengano ulimthibitishia mchochezi kwamba anachokitaka kinawezekana akisubiri kidogo. Sababu za kiuchumi zilikuwa za kweli na bado zipo. Kijana wa Kisanga asiye na kazi pembeni mwa mgodi uliochimbwa katika ardhi ya babu yake ana haki ya kuuliza. Lakini mauaji hayakuzuka kila kazi ilipokosekana. Yalizuka pale mtu mwenye cheo alipotoa ruhusa, na yalipungua pale cheo hicho kilipoondolewa. Hilo ndilo fundisho la 1995 ambalo serikali hazikulifuata hadi mwisho.

Kwa hiyo dawa ambayo haijajaribiwa kwa dhati inajulikana, na imeandikwa tangu Juni 7, 1966: anayechochea chuki ya kabila ashitakiwe yeye, kwa jina lake, awe diwani, mbunge au gavana, na ashitakiwe wakati wa utulivu kabla treni hazijaanza kujaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Kolwezi imejengewa kuta za kutosha. Mapatano yoyote yatakayotiwa saini kesho, Lualaba au mashariki ambako vita vinaendelea, yasomwe kwa swali moja: je, yanamtaja mtu atakayewajibika kwa damu ya raia, au yanataja tu mahali ambapo raia hao watapelekwa? Kama ni la pili, mwanafunzi wa historia anajua tayari yataishia wapi.